Saa moja ya mfanyabiashara darasani

Busia ni jina moja, nchi mbili. Uganda ilianza elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, Kenya ikafuata 2003. Lakini mpakani karo siyo kikwazo pekee: mtoto anayelipwa kwa kubeba mizigo huona daftari linamchelewesha.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoweza kujitolea kuwa mlezi wa wanafunzi. Hahitaji shahada. Anahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu, saa moja kwa wiki, na daftari lake la mauzo. Wanafunzi wakibadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda, kisha wakatoa nauli na ushuru, hesabu inawaingia. Wakisoma cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wanaelewa kwa nini asiyejua kusoma huishia mikononi mwa dalali.

Sharti moja ni gumu: mlezi asimpe mtoto mzigo siku ya shule, hata soko lichangamke vipi. Akisifia elimu Jumatatu, kisha Jumatano akamtwika gunia, mtoto ataamini gunia.