Kupanda Upya Dungusi Katika Jangwa Lililoungua

Wengi wetu tunapolitaja jangwa hufikiri juu ya nchi tupu isiyo na kitu cha kuungua. Fikira hiyo hailifai jangwa la Sonora, lililoko kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Humo huota mimea mingi ya jamii ya dungusi. Ulio mashuhuri kupita yote ni saguaro, mmea wa miiba wenye shina nene, ambao huweza kupita mita 12 kwa urefu na kuishi miaka 150 au zaidi. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini moto huuangamiza, na kwa nini kuupanda upya si kazi ya kuchimba shimo tu.

Zamani mimea ya Sonora ilisimama mbalimbali, na katikati yake palikuwa na udongo mtupu. Radi ilipowasha moto, moto huo haukuwa na njia ya kwenda mbali. Kwa sababu hiyo saguaro haina kinga ya moto. Ngozi yake ya kijani ndiyo itengenezayo chakula, kama majani yafanyavyo katika miti mingine. Ngozi ikiungua, mmea huweza kubaki umesimama kwa miaka kadhaa, kisha ukafa. Ndiyo maana hasara haiwezi kuhesabiwa siku ile moto unapozimwa.

Kilichoibadili hali hiyo ni nyasi za kigeni. Baadhi zilitoka nchi za Bahari ya Kati. Nyingine, ambazo wataalamu huziita Cenchrus ciliaris, asili yake ni Afrika na Asia. Aina iliyoenea zaidi Marekani ilitokana na mbegu zilizochukuliwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, zikasambazwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwetu nyasi hizo ni chakula cha mifugo. Kule zimejaza zile nafasi tupu, na zikikauka huwa daraja la moto kutoka mmea hadi mmea. Baada ya kuungua huchipua tena kutoka mizizini, wakati dungusi zimekwisha kufa. Mwezi wa Juni 2020, moto ulioanzia kwenye gari karibu na barabara uliteketeza hekta zipatazo 78,000 katika msitu wa taifa wa Tonto, karibu na mji wa Phoenix, Arizona.

Basi, tukiulizwa kazi ya kupanda ianzie wapi, jibu letu ni kwamba ianzie kwenye nyasi. Mche uliowekwa kati ya nyasi kavu umeandaliwa kwa moto ujao. Wajitolea huko Arizona hung'oa mashina ya nyasi kwa mitaimbo, na hurudi mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mbegu hubaki hai udongoni.

Jambo la pili ni kivuli. Mche wa saguaro hauwezi kulistahimili jua kali wala baridi ya usiku ukiwa peke yake. Kwa kawaida huota chini ya mti mlezi, kama vile paloverde au mesquite. Mesquite ni jamii moja na mathenge, mti uliovamia malisho ya Baringo. Hapo tunajifunza kwamba mmea ulio mlezi mahali pake huweza kuwa adui ugenini. Pale ambapo miti walezi imeungua, yafaa kuirudisha kwanza, au kuweka miche kando ya mawe yatoayo kivuli.

Jambo la tatu ni mche wenyewe. Mbegu hutolewa katika matunda yanayoiva mwezi wa Juni, na tunda moja huweza kuwa na mbegu zipatazo 2,000. Miche hulelewa kitaluni kwa miaka kadhaa, kisha hupandwa na kuzungushiwa wavu ili panya na sungura wasiile. Dungusi za vikonyo bapa ni rahisi zaidi: kikonyo hukatwa, huachwa hadi kidonda kikauke, ndipo hupandwa. Kisipokauka huoza.

Jambo la nne ni muda. Katika miaka minane ya kwanza saguaro iliyoota yenyewe huweza kufikia sentimita nne tu. Huchanua maua ya kwanza ikiwa na miaka ipatayo 35, na mikono yake huanza kutokeza baada ya miaka 50 au zaidi. Popo, njiwa na nyuki hutegemea maua na matunda hayo. Watu wa kabila la Tohono O'odham huyachuma matunda kila kiangazi, na huihesabu saguaro kuwa miongoni mwa watu, si kitu tu.

Kwa kumalizia, tunaona kwamba idadi ya miche iliyopandwa haitoshi kuwa kipimo cha kazi hii. Yatupasa kuuliza pia ni nani atakayeng'oa nyasi mwaka wa kumi, na mwaka wa ishirini. Mahali ambapo swali hilo halina jibu, ni afadhali kupanda miche michache inayoweza kutunzwa kuliko maelfu yatakayoachwa yateketee.