Wifi imejaa, lakini hakuna kinachofunguka



Miezi michache iliyopita tulimshuku kijana mmoja bure. Alikuwa na desturi ya kuja jioni kuketi barazani kwetu na simu yake, apate kutuma kazi zake za chuo kwa wifi ya nyumba. Kode tulimpa sisi wenyewe. Kisha forfe ya mwezi, ambayo kwa kawaida ilitufikisha karibu na siku ya 30, ikaisha siku ya 9. Tukanunua nyingine, nayo ikaenda vilevile. Hatukumwambia neno. Tulibadili kode tu. Alipofika akajaribu simu yake mara mbili, akatuangalia, akaaga. Hakurudi. Na forfe iliyofuata ikaisha siku ya 10.

Kumbe aliyekuwa anakula mega alikuwa ndani ya nyumba, na tutafika kwake. Lakini tuanze na jambo ambalo lingetusaidia kama tungelijua mapema, sababu tunaona familia nyingi zinasumbuka nalo: wifi na intaneti si kitu kimoja.

Wifi ni njia fupi tu, kati ya simu yako na kile kisanduku kilicho mezani, yaani ruta. Kutoka ruta kwenda mnara wa kampuni ya simu ni njia nyingine, na hiyo inategemea kadi ya SIM iliyo ndani ya ruta. Halafu kwenye kampuni kuna mlango: forfe ikiisha, mlango unafungwa hata kama njia zote mbili ni nzima. Ndiyo maana unaona alama ya wifi imejaa juu ya simu, na bado ujumbe wa WhatsApp hauondoki. Alama ile inakuambia kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Juu ya mnara haisemi kitu.

Basi swali la kwanza ni hili: ni chombo kimoja kinachokataa, au vyote? Kama ni simu moja, usiguse ruta. Iambie simu hiyo isahau jina la wifi, kisha uandike kode upya, polepole, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Mara nyingi inatosha.

Kwetu kuna kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa. Kila umeme unapokatika, tarehe yake inarudi miaka mingi nyuma. Siku moja ilianza kukataa karibu kila tovuti, ikitoa onyo la kutisha kwamba ukurasa si salama. Tulihangaika na ruta tangu asubuhi mpaka mchana, tukamlipa na fundi. Ruta haikuwa na kosa. Tovuti huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko bado 2009 inaona cheti hicho hakijaanza kutumika, basi inakikataa. Tuliweka tarehe sawa, kila kitu kikafunguka. Pesa ya fundi ilikuwa imekwisha kwenda.

Kama vyombo vyote vinakataa, geuza ruta usome karatasi iliyobandikwa chini yake. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Zima kwanza data ya simu yenyewe, ubaki na wifi tu, kisha uandike namba hiyo pale juu unapoandika majina ya tovuti. Ukurasa wa ruta ukifunguka, njia fupi ni nzima, na kosa liko mbele: SIM, mnara au forfe. Ukurasa huo hauli hata mega moja, kwa maana hautoki nyumbani. Usipofunguka, kosa liko hapo hapo kwenu. Kwa wanaotumia kompyuta: mkiona imejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupata anwani kutoka kwa ruta. Zimeni vyote viwili, muwashe ruta kwanza.

Kuhusu njia ya mbele, jaribio zuri ni kutoa ile SIM na kuiweka katika simu. Intaneti ikikataa hata huko, acheni kuilaumu ruta. Angalieni forfe, kisha muulize jirani mwenye kampuni ileile kama kwake inapita. Ikipita kwa simu, rudisheni SIM, chomoeni ruta kwenye umeme, mngoje nusu dakika, muichomeke tena na kuipa dakika mbili tatu za kuutafuta mnara. Wengi wetu hatuna subira hiyo. Tunazima na kuwasha mara tano mfululizo, na ruta haipati nafasi ya kumaliza kuamka. Tena msichokonoe kile kitundu kidogo cha nyuma kwa sindano kama hamjui mnachofanya. Huko si kuzima na kuwasha. Kunafuta kode na kila kitu fundi alichokipanga.

Sasa umeme. Katika miji yetu ruta nyingi zinaharibika kwa umeme. Soma kilichoandikwa kwenye ruta: volti 12, au volti 5. Chaja inayoingia katika tundu si lazima iwe chaja yake. Ikiwa dhaifu, ruta inawaka na kujizima yenyewe; ikiwa na volti nyingi, inaungua. Wenye sola wanapenda kuunganisha ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri, wakisema betri nayo ni ya volti 12. Lakini jua linapoijaza, betri hiyo inaweza kupita volti 14. Wekeni kidhibiti katikati. Na kama ruta inajizima kila jioni saa mbili, angalieni kwanza kama betri haijachoka. Mvua ya radi ikija, chomoeni.

Mahali pa kuiweka tuseme kwa ufupi. Isikae chini, wala ndani ya kabati, wala nyuma ya kuta mbili za matofali au za mawe ya volkano kama zile za Goma. Ruta ya SIM inapenda dirisha linaloelekea mnara, na mahali pa juu. Ikiwa inatoa majina mawili ya wifi, lile lenye 5G mwishoni ni la masafa ya gigahezi 5: linakimbia zaidi lakini linashindwa na kuta mapema. (Halihusu ile 5G ya minara.) Katika chumba cha mbali chagueni lile jingine.

Tumrudie mla mega. Simu na kompyuta zetu zimetengenezwa na watu ambao kwao wifi inatoka kwenye kebo, nao wanalipa kiasi kimoja kwa mwezi, watumie kidogo au watumie sana. Kwa hiyo chombo kinapoona wifi, kinafikiri kwamba ni bure. Kinangoja wifi ndipo kifanye kazi zake nzito: Windows inashusha masasisho, simu inapeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, WhatsApp inashusha yenyewe kila video ya kila kundi. Nasi wifi yetu inatoka kwenye SIM, na kila mega inahesabiwa. Mama wa nyumba yetu yuko katika makundi ya WhatsApp 23. Kompyuta mpya ya binti yetu ilikuwa inajisasisha usiku, sisi tumelala.

Dawa yake haina gharama. Katika Windows, fungua mipangilio ya wifi hiyo na uiambie kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa. Itaacha kushusha masasisho mengi yenyewe. Katika WhatsApp, ingia katika mipangilio ya hifadhi na data, uondoe alama kwenye video pale panapohusu wifi. Katika simu, simamisha upelekaji wa picha. Tena ukurasa wa ruta unaonyesha vyombo vyote vilivyoungana nayo. Siku tulipoufungua kwa mara ya kwanza tulihesabu 7, vyote vya kwetu.

Forfe ya mwezi huu imefika siku ya 28. Kode mpya tuliiandika kwenye karatasi, tukampelekea yule kijana kwao, tukamweleza kilichotokea na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Aliipokea. Alikuja siku ya nne, akaketi mahali pake pa zamani.