Hesabu ya Maisha: Kijijini, Moshi na Dar es Salaam

Vijana wengi wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo hushuka mlimani kwenda kutafuta maisha. Wengine huishia Moshi mjini. Wengine huenda Arusha, mwendo wa kama kilomita 80 kutoka Moshi. Wengi huenda Dar es Salaam, mwendo wa kama kilomita 560 kwa barabara. Ukiwauliza sababu, watakujibu, "Huko kuna fedha." Ni kweli, fedha zipo. Lakini liko swali ambalo husahauliwa: je, mwisho wa mwezi hubaki kiasi gani?

Ndugu msomaji, fungua daftari lako. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika MOSHI, upande wa pili andika DAR ES SALAAM.

Tuanze na mshahara. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi. Mhudumu wa ofisi wa Moshi na mwenzake wa Dar es Salaam hupata kiasi hicho hicho. Makato yao pia ni sawa, kwa hiyo tuyaache. Andika 500,000 pande zote mbili. Sasa tutoe matumizi.

Kwanza ni nauli. Moshi ni mji mdogo. Mtu anayekaa Majengo huweza kutembea kwa miguu hadi Soko Kuu, na akifika bado ana nguvu za kufanya kazi. Mtu anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto hawezi kutembea hadi katikati ya Dar es Salaam. Hupanda daladala, na mara nyingi hubadili njiani akapanda ya pili. (Jina hilo lilianza katika miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala.) Tuseme anapanda mbili asubuhi na mbili jioni. Hizo ni nauli nne kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni nauli 88. Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi shilingi 600. Kwa nauli hiyo, 88 mara 600 ni shilingi 52,800. Zaidi ya sehemu ya kumi ya mshahara imekwisha kabla mtu hajala wala hajalala. Saa anazosimama ndani ya gari hatukuzihesabu.

Pili ni chumba. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Kijana mgeni hana fedha hizo. Basi hukaa kwa ndugu, au hukopa, na deni humfuata.

Tatu ni chakula. Hebu ufuate mkungu mmoja wa ndizi. Mkulima wa Mwika huukata shambani. Mchuuzi huununua sokoni, hulipa wapakiaji, hulipa lori, hulipa ushuru. Mkungu husafiri usiku kucha hadi soko la Mabibo, Dar es Salaam. Hapo hununuliwa na mwuzaji mdogo, ambaye huukata chane na kuuza kidogo kidogo. Kila mkono uliogusa mkungu ule umeongeza bei. Anayelipa yote ni mlaji, na huenda mlaji huyo ni mtoto wa yule yule mkulima! Kisha mtoto huyo anunue na mkaa wa kuzipikia.

Maji nayo si ya kusahau. Dar es Salaam hutegemea sana mto Ruvu. Mwaka 2022 maji ya mto huo yalipungua, yakatolewa kwa zamu, na watu wengi wakanunua maji kwa madumu.

Sasa ongeza safu ya tatu, uandike KIJIJINI. Hapa hakuna kodi ya chumba. Ndizi, magimbi, mboga na maziwa hutoka kihambani. Watu husema vitu hivyo ni vya bure, na hilo si kweli. Viandike kwa bei ambayo ungevinunua sokoni, ndipo utaona kihamba kinakulipa kiasi gani. Lakini andika pia kwamba saruji, mabati na chumvi hupandishwa mlimani kwa gari, na bei yake hupanda pamoja na gari.

Je, basi vijana wote wabaki nyumbani? Anayesema hivyo hajapiga hesabu. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgao wa kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na baadhi ya wakulima wakang'oa mibuni. Tena ardhi ni ndogo. Kihamba cha ekari mbili kikigawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja hupata nusu ekari. Nao wakigawia watoto wanne wanne, kila mjukuu hupata thumuni ya ekari. Hapo hawezi kulisha ng'ombe na watoto pia. Nasema watoto, wala si wa kiume tu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Jiji nalo lina jambo moja ambalo Moshi haina, yaani wingi wa watu. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Manispaa ya Moshi ilikuwa na watu 221,733. Fundi cherehani, fundi magari au mama lishe hawangojei mshahara. Wao hungoja wateja, na wateja wako jijini. Kwa watu wa namna hiyo safu ya Dar es Salaam huweza kushinda. Kwa mwenye mshahara wa kima cha chini, mimi naona Moshi inashinda, hasa ikiwa nyumbani kwao ni karibu na huletewa mkungu kila wiki.

Kabla hujajumlisha, usisahau Desemba. Mtu wa Dar es Salaam atataka kuja nyumbani kwa Krismasi, pamoja na mke na watoto. Nauli ya wote, ya kuja na kurudi, pamoja na nguo na sukari ya wazee, igawe kwa 12, uiandike katika safu yake ya kila mwezi.