MRUNDI ALIYEITOA BURUNDI

Jioni ya tarehe 8 Septemba 2019, hapa Rumonge na pwani yote ya ziwa, redio zilizungukwa kama meza ya mshahara. Timu yetu ilikuwa Dar es Salaam kurudiana na Tanzania, kutafuta nafasi katika makundi ya kuwania Kombe la Dunia. Siku nne kabla yake, mjini Bujumbura, Cédric Amissi alifunga, na hatujamaliza kushangilia Simon Msuva akarudisha. Dar nako ikawa 1-1: Samatta kwao, Fiston Abdul Razak kwetu. Zikaja penalti. Vijana wetu wakakosa zote, Tanzania ikashinda 3-0.

Kilichouma zaidi kilikuwa kwenye benchi lao. Mwalimu aliyekaa pale alikuwa Etienne Ndayiragije, Mrundi.

Wapo waliomwita msaliti. Sisi hatukubali. Wazee wetu walivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, na hakuna aliyewadai wakate nusu kwa ajili ya kupenda kwao.

Tena mtu huyu hakuokota kazi njiani. Alianza kujulikana Tanzania na Mbao ya Mwanza, timu isiyo na fedha, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017. Simba wakawafunga 2-1 kwa taabu kubwa. Akaenda KMC, ikamaliza ya nne katika ligi ya 2018/19. Akachukuliwa na Azam. Julai 2019, Amunike alipoondolewa Taifa Stars, wakampa Ndayiragije timu ile, lakini kwa muda tu. Kibarua, kama tunavyosema sisi. Aliitoa Kenya, akatutoa sisi, ndipo akapewa mkataba kamili. Oktoba akashinda 2-1 huko Sudan baada ya kufungwa 1-0 nyumbani, na Tanzania ikarudi CHAN kwa mara ya kwanza tangu 2009.

Mashindano yenyewe yalichezwa Kameruni Januari 2021. Alifungwa na Zambia, akaifunga Namibia, akatoka sare na Guinea, safari ikaishia kwenye makundi. Februari alikuwa hana kazi.

Baadaye Burundi ikampa timu ya taifa. Tarehe 16 Novemba 2023 tuliifunga Gambia 3-2, mchezo wa nyumbani. Lakini kiwanja chetu kilikuwa hakijakubaliwa, kwa hiyo nyumbani kwenyewe kulikuwa Dar es Salaam, uwanja ule ule wa zile penalti.