Blanketi la Chui Mweusi

Baadhi yenu mlinicheka muhula uliopita mliponiona nimekaa nyuma ya bweni siku ya Jumamosi, sindano ya kroshia mkononi na donge la sufu mapajani. Sina kinyongo. Lakini kwa kuwa wengine wenu mmenijia baadaye kwa siri kuniuliza namna ya kufuma kofia, naona heri niyaandike haya katika gazeti letu, mpate kuyasoma wote pamoja wala pasiwe na haja ya kunong'ona. Fundi anayetushonea suruali za shule ni mwanamume mwenye ndevu, nami sijasikia mtu akimcheka.

Blanketi lile lilikuwa la mdogo wangu mwenye umri wa miaka sita. Yeye ana ugonjwa wa selimundu. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hupoteza umbo lake la mviringo zikawa kama mundu, nazo hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa. Baridi huibana mishipa hiyo, kwa hiyo waganga huwaonya wazazi wasimwache mtoto wa namna hiyo apigwe na baridi. Sisi tulikuwa tukikaa Mwanza, ambako jambo hilo halikutusumbua sana. Lakini baba alihamishiwa kazi Njombe, na kila mtu aliyepata kulala Njombe mwezi wa Julai anajua nisemalo.

Si kwamba hakuwa na blanketi. Alikuwa nalo la dukani, zito na zuri, ila kila usiku alilipiga teke likaanguka chini, na mama akaamka mara tatu kumfunika. Basi nikafikiri kwamba mtoto asiyetaka kujifunika hafunikwi kwa amri. Labda atajifunika kwa hiari, akipewa kitu akipendacho. Nacho akipendacho kuliko vyote ni Chui Mweusi.

Kwa wale wasiomjua, Chui Mweusi ni mfalme wa nchi ya kubuniwa iitwayo Wakanda, iliyo katika bara letu la Afrika. Alitungwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, akatokea mara ya kwanza katika kitabu cha hadithi za picha mwaka 1966. Sinema yake ilitoka mwaka 2018, na ndani yake yumo Lupita Nyong'o wa Kenya. Jambo lililonivutia mimi ni kwamba katika sinema hiyo walinzi wa mpaka huvaa mablanketi yaliyofanana na yale ya Wasotho wa Lesotho, na wakati wa vita huyakunja mbele yao yakawa ngao. Nikasema, kumbe blanketi na shujaa wamekwisha kukutana. Kazi yangu ni kufuma tu.

Kufuma kwenyewe nilifundishwa na bibi. Kroshia hufanywa kwa sindano moja yenye ndoano nchani, si kwa sindano mbili kama zile za kufumia masweta, na wakati wowote huwa una kitanzi kimoja tu kinachongoja. Ukikosea hufumui ila kidogo. Mshono nilioutumia ni ule mfupi: unaingiza ndoano katika tundu la mstari wa chini, unaukamata uzi na kuuvuta, sasa una vitanzi viwili, unaukamata uzi tena na kuupitisha katika vyote viwili. Basi. Aliyejua huo amejua nusu ya kroshia.

Uzi nilichagua wa akriliki, madonge saba ya gramu mia mia: manne ya zambarau, mawili meusi na moja la kijivu. Sufu halisi ya kondoo ni bora kwa joto, lakini hurudi ikifuliwa kwa maji ya moto, na blanketi la mtoto mgonjwa hufuliwa mara nyingi. Akriliki nayo ina ubaya wake, maana ikikaribia moto huyeyuka na kushika ngozi. Nilimwonya mama kwamba lisikaribie jiko la mkaa hata kidogo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wapenda hesabu watalifurahia. Picha ya kinyago cha Chui niliichora kwanza katika karatasi ya miraba, ile ile tunayochorea grafu, kila mraba ukiwa mshono mmoja. Mchoro ulikuwa na miraba 56 kwa upana na 70 kwa urefu, nao ulipendeza sana. Kwa bahati nilifuma kwanza kipande cha kujaribia. Nilipokipima kwa rula niliona kwamba sentimita 10 za upana zinachukua mishono 14, lakini sentimita 10 za urefu zinachukua mistari 16. Yaani mshono si mraba! Ni mpana kuliko urefu wake. Kinyago changu kingetoka sentimita 40 kwa 44 hivi badala ya 40 kwa 50, na Chui wetu angekuwa bundi. Ikanibidi niuchore upya kwa mistari 80. Blanketi zima, la sentimita 80 kwa 100, likawa na mishono 112 kwa mistari 160. Zidisheni wenyewe mtapata mishono 17,920. Mimi nafuma mishono 12 kwa dakika nikiwa sizungumzi. Hizo ni saa 25 karibu, nazo nilizipata Jumamosi na Jumapili tu, kwa idhini ya mwalimu mlezi wa bweni.

Saa 25 hizo hazina hesabu ya ujinga wangu. Nilipofika mstari wa 24 niliona kingo za blanketi zinaelekeana kama paa la nyumba. Nikahesabu: mishono 112 imekuwa 103. Kisa chake ni kwamba mshono wa mwisho wa kila mstari hujificha pembeni, na mfumaji mgeni huuruka bila kujua. Nilifumua mpaka mstari wa tatu, mbele ya wale waliokuwa wakinicheka, na siku hiyo walicheka kwa haki. Tangu hapo nilifunga kipande cha uzi mweupe katika mshono wa kwanza na wa mwisho, nikahesabu kila mstari.

Kubadili rangi kunataka uangalifu. Usingoje mshono wa zambarau uishe ndipo ushike uzi mweusi. Vitanzi viwili vya mwisho vya zambarau ndivyo vivutwe kwa uzi mweusi, la sivyo mpaka wa rangi hutoka na meno. Wala usiache uzi uninginie mrefu nyuma ya picha, kwa sababu vidole vya mtoto hunasa humo. Macho ya Chui niliyafuma kwa uzi wa kijivu. Mwenzangu mmoja alinishauri nishone vifungo ving'aavyo, lakini mtoto hung'oa kifungo akakitia kinywani.

Na uzi mweusi, jamani! Chini ya taa ya bweni tundu halionekani kabisa. Nilipata dawa yake: tandika kitambaa cheupe mapajani, na weupe utachungulia katika matundu. Hata hivyo mistari ya kinyago niliifuma mchana.

Nililipeleka nyumbani likizo ya Juni. Mdogo wangu alilitazama kitambo bila kusema neno, nikaogopa. Kisha akalikamata kwa mikono miwili mbele ya kifua na kuniamuru, "Kaka, nipige na mto!" Nilimpiga mara nyingi jioni ile. Chadwick Boseman, aliyeigiza Chui katika sinema ile, alikuwa akiugua saratani wakati akiicheza, naye alifariki mwaka 2020, hilo sikumwambia.

Maumivu yalimrudia mwezi wa Julai, maana sufu haiponyi damu, akalazwa siku nne. Blanketi alikwenda nalo. Mama asema usiku halipigi teke tena, ila hulivuta mpaka puani, na yeye mama huamka mara tatu vile vile kwa mazoea. Limekwisha kufuliwa mara tano na rangi nyeusi haijachuja juu ya zambarau, jambo nililoliogopa sana. Sasa ameagiza jingine la Spider-Man, lenye utando wa buibui kila mahali. Nimemjibu angoje mtihani wetu wa Novemba upite.