Ordinatere mpya kwenye biro: namna ya kuhama bila kusimamisha kazi hata siku moja

Saa mbili za asubuhi, sekretaria za kufotokopi na kupigisha mashini za Bunia, Butembo na Uvira zinafungua milango. Wateja wako tayari wanangoja: mwanafunzi mwenye kazi yake ya mwisho wa masomo, mama anayetaka barua ya kuomba kazi kwa ajili ya mtoto wake, mfanyabiashara anayehitaji fakture kabla ya gari kuondoka. Kila mmoja anajua kwamba karatasi yake iko ndani ya ordinatere ileile ya jana. Siku mwenye sekretaria anapoleta mashini mpya na kuweka ya zamani pembeni, ndipo maswali yanaanza. Karatasi ya mteja iko wapi? Kwa nini emprimante inakataa? Neno la siri la email ni lipi?

Biro nyingi zitapita njia hiyo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, programu iliyotoka mwaka wa 2015. Mashini yenye Windows 10 haizimiki kwa sababu hiyo. Inaendelea kuwaka na kufanya kazi. Lakini matundu mapya ambayo wezi wa intaneti wanagundua hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft. Kwa mhasibu anayeshika mishahara ya shule nzima, hiyo ni hatari.

Windows 11 nayo haikubali kila mashini. Inaomba angalau RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 na kifaa kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Ordinatere nyingi za okazio, zile zinazotoka Dubai na kupitia Kampala, zinaweza kuwa nzuri kwa macho lakini zikakosa kifaa hicho. Kabla ya kutoa feza, mnunuzi aombe mashini iwashwe palepale dukani. Akifinya kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha akaandika tpm.msc, skrini itaonyesha kama TPM ipo na ni ya namba gani. Akiandika winver, ataona Windows gani imewekwa. Kazi hiyo haichukue hata dakika tano.

Kuchagua siku

Kosa la kwanza ni la kalenda. Biro inayotangaza TVA inajua kwamba tarehe 15 ya kila mwezi ndiyo siku ya mwisho. Mwisho wa mwezi ni mishahara. Kwenye shule, kuna siku za kutoa bulletins. Kuhama katika siku hizo ni kujitafutia matatizo. Siku nzuri ni Jumamosi mchana, katikati ya mwezi lakini baada ya tarehe 15, wakati wateja wamepungua na Jumapili ingali mbele kwa kurekebisha makosa.

Siku hiyo isianze na mikono mitupu. Windows 11 ya kawaida inaomba intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuifungua mara ya kwanza, na marekebisho yake yanakula mega nyingi. Ni vizuri kununua mega mapema na kutafuta programu ya emprimante siku mbili mbele, kuliko kuitafuta huku mteja amesimama mlangoni. Akaunti hiyo ya Microsoft na neno lake la siri viandikwe kwenye daftari la biro. Mashini nyingi mpya zinafunga diski zao kwa ufunguo, na ufunguo huo mara nyingi unawekwa ndani ya akaunti hiyo. Akaunti ikipotea na mashini ikaharibika, fishie zinaweza kupotea nayo.

Mashini mbili kwenye meza moja

Kanuni inayookoa siku ya kazi ni hii: ordinatere ya zamani isitoke mezani mpaka mpya imemaliza siku nzima ya kazi ya kweli. Kwa juma moja au mawili, zote mbili zikae pamoja. Kazi mpya ianze kwenye mashini mpya. Kitu kikikosekana, ya zamani iko pale, inawashwa, kinachukuliwa, na mteja anaenda zake.

Kuna sharti moja: mtu asifanye kazi ya dosie ileile kwenye mashini zote mbili. Akifanya hivyo, Jumatano atakuwa na orodha mbili za mishahara zisizofanana, bila kujua ipi ni ya kweli.

Wakati wa kuhamisha, fishie zikopiwe, zisikatwe. Tofauti kati ya « copier » na « couper » inaonekana ndogo mpaka umeme ukatike katikati. Aliyekopi bado ana kila kitu kwenye mashini ya zamani. Aliyekata anaweza kubaki na nusu huku na nusu kule. Batri ijazwe kwanza, au grupu iwe tayari.

Flashi nayo ina mambo yake. Nyingi zimepangwa kwa namna ya FAT32, isiyokubali fishie moja inayopita giga 4. Tena, flashi iliyozunguka katika sekretaria za mji inaweza kubeba virusi hadi kwenye mashini mpya. Diski ya nje iliyo safi, iliyopimwa na antivirusi, ni bora. Na kama skrini ya mashini ya zamani imekufa, yote hayajapotea: fundi anaweza kutoa diski yake, kuiweka ndani ya boksi la USB na kusoma fishie kutoka humo, ikiwa diski haikufungwa kwa ufunguo.

Vitu vinavyosahauliwa

Watu wengi wanakopi dosie ya « Documents » na kufikiri wamemaliza. Lakini kazi nyingi za kila siku zinalala kwenye « Bureau » na katika « Téléchargements ». Maneno ya siri yako ndani ya programu ya kuingilia intaneti. Email nazo zinadanganya: kama sanduku limewekwa kwa namna ya POP, barua za zamani zinaweza kuwa kwenye ordinatere peke yake. Katika Outlook, mara nyingi ziko ndani ya fishie inayomalizika kwa .pst, na hiyo lazima ihamishwe.

Namna za herufi pia zihamishwe, la sivyo kichwa cha barua ya kanisa kitabadilika sura. Wale wanaotengeneza kadi za harusi katika Publisher wana kazi ya ziada: Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuhudumia programu hiyo mwezi wa Oktoba 2026. Kadi za zamani ziwekwe pia katika PDF. Kwa programu ya uhasibu, leseni inaweza kuwa imefungwa kwenye mashini moja. Muuzaji wake aulizwe kabla ya siku ya kuhama.

Kisha kuna vidole. Mashini nyingi za okazio zina klavie ya QWERTY, lakini wapiga mashini wetu walijifunza kwenye AZERTY. Mtu anayeandika bila kutazama atatoa Q pale anapotaka A. Lugha ya klavie inabadilishwa katika « Paramètres », na vibandiko vya herufi vinamaliza kazi iliyobaki.

Kuaga mashini ya zamani

Baada ya majuma hayo mawili, wengi wanauza ordinatere ya zamani au kuipatia ndugu. Ndani yake kunaweza kuwa na picha za kadi za wapiga kura, pasipoti na mikataba ya wateja. Kufuta fishie na kumwaga « Corbeille » hakutoshi. Mtu mwenye programu ndogo anaweza kuzirudisha. Windows ina njia ya kurudisha mashini kama mpya kwa kuondoa vyote na kusafisha diski. Inachukua saa kadhaa, lakini inafaa kungojwa. Tangu Machi 2023, Congo ina Code du numérique, ambayo inalinda habari za watu binafsi. Karatasi ya mteja haiwe mali ya sekretaria kwa sababu tu ilipita kwenye mashini yake.

Kabla ya kufuta, jaribio moja linatosha. Ordinatere ya zamani izimwe siku nzima, na biro ifanye kazi zake zote: kuandika, kutoa karatasi, kutuma email, kufungua dosie ya mteja wa mwaka uliopita. Jioni ikifika bila mtu kuigusa ya zamani, basi kuhama kumemalizika, na mteja aliyekuja saa mbili asubuhi hakujua kwamba kitu chochote kilibadilika.