PICHA ZA VITA TUZIPENDAZO: JE, ZATUAMBIA KWELI?

Nilipokuwa mtoto wa shule, jioni moja tulikusanyika nyumbani kwa jirani mwenye televisheni kutazama picha ya sinema. Jina la picha hiyo lilikuwa "Objective, Burma!", nayo ilionyesha askari wakipigana na Wajapani katika misitu ya Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Sisi watoto tulishangilia kila bunduki ilipolia. Nyuma yetu alikuwa ameketi babu yangu, mzaa mama, kimya kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa askari wa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya, naye alipigana huko huko Burma mwaka 1944.

Picha ilipokwisha aliuliza neno moja tu: "Na sisi je, tulikuwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Akachukua fimbo yake akaenda kulala.

Tangu siku ile sikuacha kupenda picha za vita. Kusema kweli nazipenda mno, na mshahara wangu ungeweza kushuhudia hayo. Lakini nimejizoeza kuzipima kama karani apimavyo hesabu iliyoletwa mezani pake, kwa kutafuta kilichoandikwa sawasawa, kilichoandikwa kwa makosa, na kisichoandikwa kabisa. Leo napenda, ndugu msomaji, tuzipime pamoja picha nne mashuhuri ambazo mimi nimezitazama mara nyingi.

DARAJA LA MTO KWAI

Ya kwanza ni "The Bridge on the River Kwai", iliyotolewa mwaka 1957 ikapata tuzo saba za Oscar. Yasimulia habari za askari wa Kiingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga daraja la reli. Mkubwa wao, Kanali Nicholson, akataa katakata maofisa wake wasitiwe katika kazi ya mikono. Akiisha kushinda katika shauri hilo, ashikwa na fahari ya kazi hata awajengea adui zake daraja zuri kuliko lile ambalo wangaliweza kulijenga wao wenyewe. Mwishoni daraja lalipuliwa na makomando, na garimoshi latumbukia mtoni.

Sasa tuutazame ukweli. Reli hiyo ilikuwako hasa. Ilikuwa na urefu wa kilometa 415 hivi, kutoka Thailand mpaka Burma, nayo ilijengwa kati ya mwaka 1942 na Oktoba 1943. Mateka zaidi ya 60,000 walitumikishwa humo, na zaidi ya 12,000 wakafa kwa njaa, kipindupindu, mapigo na kazi isiyo na kiasi. Katika picha mateka wamekonda kidogo, lakini waweza kupiga mluzi na kutembea kwa mwendo wa gwaride. Wale wa kweli wengi wao walikuwa mifupa mitupu.

Ofisa mkubwa wa Kiingereza katika kambi ya Tamarkan, penye daraja lenyewe, alikuwa Luteni Kanali Philip Toosey. Huyu hakuwa mtu wa kuwapendeza Wajapani. Alifanya kila hila ili watu wake wapate nafuu na chakula, na watu wake nao waliharibu kazi kila walipopata nafasi, kwa kuchanganya zege vibaya na kukusanya mchwa wakawatia katika nguzo za mti. Haikuwa ajabu basi kwamba wengi waliookoka katika kambi zile waliichukia picha hiyo. Tena madaraja yalikuwa mawili, moja la mti na moja la chuma. Yaliyoyapiga mwaka 1945 yalikuwa mabomu ya ndege, wala si makomando. Na mainjinia wa Kijapani waliijua kazi yao vizuri, hawakuhitaji kufundishwa na mateka.

Hata hivyo lililo kubwa kuliko hayo yote ni hili. Pamoja na mateka walikuwako vibarua wa Asia, Watamil na Wamalay kutoka Malaya, Waburma, na watu wa Java. Hesabu yao ilizidi sana hesabu ya mateka, na waliokufa miongoni mwao walikuwa makumi ya maelfu. Katika picha hawamo.

Lakini nisiionee. Picha hiyo ilitokana na hadithi ya kubuni ya Mfaransa Pierre Boulle, na hadithi ina ruhusa yake. Tena ina ukweli mmoja wa ndani, kwamba mtu aweza kuipenda kazi yake hata akasahau yamfaidia nani. Sisi tunaokaa ofisini twalijua jambo hilo vema.

WALIOVUNJA KUTA ZA MABWAWA

Ya pili ni "The Dam Busters" ya mwaka 1955. Hii yaeleza shambulio la usiku wa tarehe 16 Mei 1943, ambapo ndege 19 za Lancaster za Uingereza, zikiongozwa na Guy Gibson, ziliruka chini chini mpaka Ujerumani kwenda kuvunja kuta za mabwawa makubwa. Mabomu yao, yaliyofikiriwa na fundi Barnes Wallis, yalirukaruka juu ya maji kama jiwe ambalo mtoto hulirusha ziwani.

Katika mambo mengi picha hii ni amini. Ndege 8 hazikurudi na wanahewa 53 walikufa, nayo picha haifichi msiba huo. Makosa yake mengine yana udhuru. Umbo la bomu, kwa mfano, si lile la kweli, kwa sababu mwaka 1955 jambo hilo lilikuwa bado siri ya Serikali ya Uingereza. Mengine yalitiwa ili kuipendeza hadithi. Picha yasema kwamba Gibson alipata wazo la kutumia taa mbili za kupimia kimo cha ndege alipokuwa akitazama mchezo jukwaani, na kumbe wazo hilo lilitoka kwa mtaalamu wa wizara, Benjamin Lockspeiser.

Lakini maji yaliyomwagika yalikwenda wapi? Picha yaonyesha mafuriko kwa mbali, kisha yarudi kwa wanahewa. Katika bonde la chini walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa mateka na vibarua wa kigeni waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwamo wanawake kutoka Ukraine waliofungiwa kambini maji yalipowafikia. Yaani waliozama walikuwa wale wale waliokuwa wakingoja kuokolewa.

MELI YA ZIWA TANGANYIKA

Picha ya tatu yatuleta karibu na kwetu, nayo ni "The African Queen" ya mwaka 1951. Mhudumu wa mashua mlevi na dada wa mmisionari wateremka mto katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1914, wakitaka kuizamisha manowari ya Wajerumani iitwayo Louisa kwa makombora waliyojitengenezea. Nyingi ya sehemu zake zilipigwa Uganda na Kongo, na mto na mamba ni wa kweli. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa mchezo wake.

Mambo yenyewe yalivyokuwa ni ya ajabu kupita picha. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa kwao, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Afrika katika masanduku, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha zikakokotwa milimani na porini katika Kongo ya Kibelgiji. Kiongozi wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Na ile kubwa je? Hakuna aliyeizamisha kwa kombora. Wajerumani wenyewe waliitosa Julai 1916 walipokuwa wakikimbia, baada ya kupaka mitambo yake mafuta mazito ili isishikwe na kutu. Baadaye Waingereza waliiinua kutoka vilindini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi sana ilichukua abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu. Wako wasafiri waliolala katika sitaha yake bila kujua kwamba wamelala juu ya "adui" wa sinema.

Waafrika katika picha hii twawaona mwanzoni wakiimba kanisani, kisha nyumba zao zachomwa moto. Baada ya hapo wamekwisha, ila askari wachache wa ngome wanaoonekana kwa mbali. Lakini ni nani aliyekata njia ya zile mashua mbili porini? Ni nani aliyechukua chakula na risasi za majeshi katika nchi isiyo na barabara wala wanyama wa kazi, kwa kuwa ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo? Ni wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Kila siku watu hununua nyanya mahali hapo, na wachache huikumbuka asili ya jina.

BURMA YA BABU YANGU

Sasa narudi katika picha ile iliyomnyamazisha babu. "Objective, Burma!" ilitolewa mwaka 1945, mchezaji mkuu akiwa Errol Flynn. Askari wa miavuli wa Kimarekani wateremshwa msituni kuiharibu rada ya Wajapani, kisha walazimika kurudi kwa miguu. Msitu wenyewe ulikuwa California, ingawa ndani yake zilitiwa picha za kweli zilizopigwa vitani. Kwa ufundi ni picha njema, tena Wamarekani walikuwako Burma hasa, nao walipigana kishujaa katika sehemu za kaskazini. Lakini mtazamaji asiyejua angedhani kwamba Burma ilikombolewa na Wamarekani peke yao. Waingereza walikasirika sana. Picha iliondolewa katika sinema za London baada ya muda mfupi, wala haikurudishwa mpaka mwaka 1952.

Waingereza walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini walio wengi katika Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali William Slim walikuwa Wahindi, na pamoja nao Waafrika wa Magharibi na wa Mashariki. Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika masika ya mwaka 1944, wakati ambao wengi walidhani jeshi haliwezi kutembea, waliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw, lililojaa tope na malaria, wakipata chakula kilichotupwa na ndege. Novemba walikutana na Wahindi wa Divisheni ya Tano huko Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, wakauvuka. Hapo mainjinia walitandika daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100.

Babu alikuwa akisema juu ya daraja hilo kuliko alivyosema juu ya mapigano. Kwa hiyo kila nionapo daraja la Kwai likilipuliwa katika sinema, mimi hulifikiri lile la Kalewa, ambalo lilikuwa la kweli na halikupata sinema ya kulitukuza.

Wako hata wasiofika huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu wapatao 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki.

TUZITAZAMEJE?

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Katika picha za vita methali hiyo hugeuka kuwa hatari, kwa maana mtu aliyekuwapo huachwa nje, na watoto wakaamini kwamba hakuwapo. Kosa la umbo la bomu au la mahali pa msitu husahihishwa upesi. Kosa la kumfuta mtu halisahihishwi upesi, kwa kuwa halionekani.

Sisemi tuziache picha hizi. Nasema tuzitazame kwa maswali matatu. Nani aliyeitengeneza, na kwa ajili ya nani? Mashahidi wengine wasemaje? Na ni nani asiyeonekana ambaye kazi hiyo haikuweza kufanyika bila yeye?

Swali hili la tatu lina madai juu yetu pia. Kila siku mimi huandika barua za watu wengine na kuzihifadhi kwa nambari na tarehe. Lakini babu yangu alikufa nikiwa na umri wa kutosha kushika kalamu, nami sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja wa maneno yake. Medali yake iko, na kitabu chake cha mshahara kimeliwa na panya nusu yake. Mengine amekwenda nayo. Siwezi kumlaumu mtengeneza sinema wa California kwa kuisahau habari ambayo mimi mjukuu sikujali kuiandika.

Basi kama nyumbani kwako yuko mzee anayekumbuka aliyoyaona, au ajuza anayekumbuka aliyosimuliwa na mumewe, usingoje picha ya sinema. Chukua daftari jioni hii, uketi karibu naye, umwulize: "Na ninyi, mlikuwa wapi?"